Kesi ya Buibui wa Ukutani

Sikilizeni, watoto wa Bukoba na Muleba, na nyinyi mnaosoma mkiwa mbali na migomba yetu. Leo nawasimulia kesi ya mshitakiwa anayeishi nyumbani kwa kila mmoja wenu, na ambaye hajawahi kuulizwa neno. Ana miguu minane, hulala nyuma ya kabati, na balaa likitokea usiku jina lake hutajwa la kwanza.

Mashitaka yenyewe mnayajua. Tuseme ni msimu wa mvua kule Kamachumu. Mtoto amelala salama, anaamka shingo inamwasha. Kesho yake pana mstari mwekundu wenye malengelenge, unachoma hata shati likigusa. Bibi anautazama, anatikisa kichwa: "Mjukuu wangu, buibui amekukojolea." Kaka mtu anavua kandambili, anamtafuta buibui aliye karibu, na hukumu inatekelezwa palepale ukutani.

Bibi anajua mengi kuliko mimi, na shikamoo yake naitoa kwa heshima zote. Lakini kwa hili, buibui hakuwepo. Aliyefanya ni mbawakawa mwembamba, mwekundu na mweusi kwa mapingili, ambaye wengi humwita Nairobi flai ingawa si inzi. Mvua zikikolea hufuata taa za nyumbani. Haumi wala hadungi. Akitua shingoni nawe ukampangusa usingizini, anapasuka, na maji ya mwili wake yana sumu iitwayo pederini. Sumu hiyo haichomi saa ileile. Huchukua siku moja, hata mbili, ndipo ngozi ivimbe. Hapo mkosaji ameshasahaulika, na anayeonekana ukutani ni buibui peke yake. Siku ukimwona mdudu huyo mkononi, usimponde: mpulize aruke, kisha nawa kwa sabuni.

Msidhani namtetea buibui kwa kusema hana sumu. Anayo. Dunia ina aina zaidi ya 50,000 za buibui zinazojulikana, na karibu zote zina sumu, kwa sababu buibui hatafuni. Humdunga mdudu kwa chonge zake mbili, sumu humlegeza, halafu hufyonza kilichoyeyuka. Ila sumu hiyo ni ya kulegeza nzi na mbu. Buibui wengi wa nyumbani wana chonge fupi mno kupenya ngozi ya mtu, na wanaoweza kupenya hawana faida yoyote ya kukuuma, maana hawawezi kukula. Huuma wanapobanwa: umevaa kiatu walimolala, au umewalalia ndani ya shuka.

Sasa, mtu akija zahanati na kidonda akasema ni buibui, daktari atajuaje? Swali hili lilifanyiwa kazi nzuri sana Australia, nchi yenye buibui wakali kuliko wetu. Mwaka 2002 watafiti Geoffrey Isbister na Michael Gray walichapisha uchunguzi wa matukio 750 ya kuumwa. Sharti lao lilikuwa moja, nami nalipenda sana: hatuhesabu tukio mpaka aliyeuma akamatwe na atambuliwe na mtaalamu. Bila buibui, hakuna kesi. Wengi wa walioumwa walisikia maumivu, wachache waliugua kweli. Lakini kidonda cha kuozesha nyama, kile ambacho watu huapa kuwa ni cha buibui, hakikupatikana hata kimoja.

Na Marekani je? Kule yupo buibui wa kahawia mwenye alama ya fidla mgongoni, ambaye akiuma anaweza kweli kuacha kidonda kibaya. Mwaka 2001 familia moja jimbo la Kansas ilikusanya buibui hao ndani ya nyumba yake kwa miezi sita. Walipohesabiwa walifika 2,055. Watu walikuwa wanakula humo, wanalala humo, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kadhurika.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni; lakini haki ina pande mbili. Afrika Mashariki ina buibui wa kuheshimiwa, wa jamii iitwayo wajane. Jike lake ni la kahawia, tumbo ni la mviringo, na chini ya tumbo lina alama ya rangi ya chungwa au nyekundu. Kifuko chake cha mayai kina vijiba vijiba pande zote, kwa hiyo ni rahisi kumtambua. Hupenda chini ya viti vya plastiki, chooni, kwenye rundo la kuni, ndani ya ndoo iliyoachwa nje. Akibanwa huuma, na panauma hasa. Mara nyingi maumivu hubaki palepale, kisha hupoa. Osha kwa sabuni na maji, weka kitambaa cha maji baridi, usichanje wala usinyonye. Misuli ikianza kukaza, jasho likitoka ovyo, au aliyeumwa akiwa mtoto mdogo, nendeni kituo cha afya bila kusubiri. Na kuni zishikwe kwa macho, viatu vikung'utwe.

Tuvuke Ziwa Viktoria sasa. Ng'ambo ya Kenya, pale Mbita, kuna kituo cha utafiti wa wadudu kinachobeba jina la Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeanzisha taasisi ya ICIPE mwaka 1970. Kwenye kuta za nyumba za eneo hilo anaishi buibui mrukaji anayelingana na punje ya mchele. Kitaalamu ni Evarcha culicivora, na makazi yake yanayojulikana ni kandokando ya ziwa hili letu, upande wa Kenya na Uganda. Hafumi utando wa kunasia. Huwinda kwa macho, kama warukaji wengine.

Robert Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walitaka kujua anapenda kula nini. Walichukua wadudu waliokufa, wakawasimamisha juu ya vizibo katika mkao wa mdudu aliyetua, wakamwachia buibui achague. Akawapita wadudu wa ziwani. Akawapita mbu dume, na mbu jike aliyekunywa sukari tu. Akamrukia mbu jike mwenye tumbo la damu. Walipomficha mbu asionekane, wakaacha harufu pekee ipite, bado alimfuata yule mwenye damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Buibui huyu anaitamani damu yetu, lakini mdomo wake hauwezi kutoboa ngozi yetu, basi huichukua kwa aliyetuibia.

Baadaye Jackson na Fiona Cross wakagundua kuwa anavutiwa hata na harufu ya soksi zilizovaliwa. Fikirieni: mbu hufuata harufu ya miguu, na mwindaji wa mbu hufuata harufu ileile. Vitoto vyake ndivyo vinavyonishangaza zaidi. Mbu anofelesi, mwenye kueneza malaria, akitua huinua mkia juu. Kitoto cha buibui, ambacho ni kidogo kuliko mbu mwenyewe, huzunguka nyuma yake, huingia chini ya tumbo lililoinuliwa, kisha hudaka kutoka chini.

Hakuna buibui atakayemaliza malaria, na watafiti wa Mbita hawajadai hivyo. Muleba inajua mbu ni nini: mwaka 2006 malaria ililipuka wilayani kwa kishindo, na mwaka uliofuata upuliziaji dawa majumbani ukaanza. Mbu wakaizoea dawa ya kwenye vyandarua. Ndipo katika maeneo 48 ya Muleba kukafanyika jaribio la vyandarua vilivyoongezwa kemikali iitwayo PBO, inayomnyang'anya mbu uwezo wa kuivunja dawa. Watoto waliolala ndani ya vyandarua hivyo walipata malaria kidogo kuliko wenzao, na Shirika la Afya Duniani likaanza kuvipendekeza mwaka 2017. Kwa hiyo chandarua kichomekwe chini ya godoro kila usiku.

Kabla hamjakichomeka, chukueni tochi. Angalieni ukuta karibu na dirisha. Mbu aliyelaza mwili sambamba na ukuta si anofelesi. Aliyeinua mkia ndiye. Mkimkuta buibui mdogo anayeruka, sogezeni kidole taratibu kando yake, msimguse. Atageuza mwili mzima awatazame kwa yale macho mawili makubwa ya mbele. Andikeni daftarini saa mliyomwona, ukuta gani, na alikuwa anakula nini.