Faili la Hospitali Linapokosea

Daktari anayeshuku kifua kikuu huandika jina la ugonjwa na kulitanguliza kwa alama ya kuuliza, maana yake bado anachunguza. Makohozi yanapelekwa maabara, majibu yanaonyesha hakuna TB, mgonjwa anatibiwa nimonia na kwenda zake nyumbani. Mwaka unaofuata anapewa rufaa. Anayeandaa barua ananakili historia yake kutoka kwenye faili la zamani, na ile alama inaachwa njiani. Kuanzia hapo mtu huyo "aliwahi kuugua TB". Kampuni ya bima itamuuliza, daktari wa kazini atamuuliza, na akikana, faili litaaminiwa kuliko yeye.

Makosa mengi huzaliwa hivyo, katika kunakili, bila mtu kuwa na nia mbaya. Mengine huletwa na majina yanayofanana: majibu ya mgonjwa mmoja yanaishia katika faili la mwenzake.

Nchini Kenya, Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kanuni zake za 2021 ziliiwekea haki hiyo utaratibu, na zikaweka habari za afya katika kundi la data nyeti. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume ya kuisimamia.

Anza kwa kusoma. Wengi hukimbilia kulalamika juu ya faili ambalo hawajaliona, wakitegemea kipande walichochungulia mezani kwa daktari. Kusema "Sista, naomba nakala ya rekodi zangu" si utovu wa adabu. Kwa kanuni za Kenya, ombi hilo hushughulikiwa ndani ya siku 7. Ukishapata nakala, weka alama kwenye kila unachopinga, kisha ujiulize ni kitu cha aina gani, kwa sababu dawa yake hutegemea hapo.

Umri, kundi la damu, tarehe ya upasuaji, majibu ya maabara: haya yana ushahidi. Ambatisha cheti au majibu ya kipimo kwenye ombi lako la maandishi. Nchini Kenya, hospitali ikiridhika, ina siku 14 za kurekebisha.

Maoni ya daktari ni jambo jingine. Akiandika kwamba siku ile alikuona na dalili za msongo wa mawazo, nawe hukubaliani, hayo yanabaki kuwa maoni yake na ni vigumu kumlazimisha ayabadilishe. Omba maelezo yako mwenyewe, yenye tarehe na sahihi, yawekwe pamoja na yake ili atakayesoma ayaone yote mawili. Lakini maneno kama "msumbufu", au habari za ndoa yako na kabila lako zisizohusiana na ugonjwa, hayana kazi ndani ya faili. Sheria ya Kenya inataka data isiyohusika au iliyopita kiasi ifutwe, nawe udai hivyo bila aibu. Habari nyeti zikikusanywa kupita kiasi huumiza watu. Mnamo Desemba 2016, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba agizo la serikali la kukusanya majina ya watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi lilivunja haki yao ya faragha.

Kwa makosa ya kitabibu, hata hivyo, nakusihi usikimbilie kuomba yafutwe kabisa. Tuseme ulimeza dawa za TB kwa miezi 6 kwa sababu ya majibu ya mtu mwingine. Dawa hizo zinaweza kudhuru ini. Ukurasa wenye kosa ndio utakaomweleza daktari wa kesho kwa nini ini lako limedhoofika, na ndio ushahidi wako ukienda mahakamani. Katika faili la karatasi, kosa hupigwa mstari mmoja, neno likaendelea kusomeka, kisha huandikwa lililo sahihi, tarehe, na sahihi ya aliyerekebisha. Ukiona limepakwa wino mweupe au ukurasa umenyofolewa, uliza nani alifanya hivyo na kwa nini.

Mzio wa penisilini unahitaji uangalifu wa peke yake. Mtoto anatokwa na vipele akiwa anatumia amoksilini, muuguzi anaandika "mzio" kwa wino mwekundu, na neno hilo linamfuata hadi uzeeni, ingawa mara nyingi vipele vile huwa vimeletwa na virusi. Nchini Marekani, takriban mtu 1 kati ya 10 ana rekodi ya mzio huo, ilhali wenye mzio wa kweli hawafiki asilimia 1 ya watu wote. Waliobaki hupewa viuavijasumu vingine, aghalabu vya bei ghali zaidi. Hapa fomu haitoshi. Muombe daktari akupime, kisha majibu ndiyo yabadilishe faili. Kwa mwenye mzio wa kweli, kulifuta neno hilo bila kipimo kunaweza kumuua.

Rekodi ikisharekebishwa, uliza ilikotumwa: bima, hospitali ya rufaa, mwajiri. Sheria inaitaka hospitali ichukue hatua za kuwaarifu wote iliowapa ile ya zamani, na mgonjwa asipouliza, hatua hiyo husahaulika kwa urahisi.

Wakikataa, wakupe sababu kwa maandishi. Usiporidhika nazo, peleka malalamiko, ukiwa Kenya, kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo ina siku 90 za kuyachunguza na kuyaamua. Baada ya hapo kuna rufaa kwenye Mahakama Kuu. Ambatisha nakala ya ombi lako iliyogongwa muhuri siku ulipoliwasilisha. Bila muhuri huo, hospitali inaweza kudai haikulipokea, na zile siku 14 zitakosa pa kuanzia kuhesabiwa.