Dalali wa Viwanja Hali Mshahara

Kila mwaka wapo askari wa jeshi na wa polisi wanaovua sare kwa heshima, wakakabidhiwa kiinua mgongo chao na kurudi uraiani wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi. Wengine hurejea vijijini kulima na kufuga. Wengine huajiriwa na makampuni ya ulinzi. Lakini katika miji yetu, na hasa Kampala na vitongoji vyake vya Wakiso na Mukono, tumeona kwamba wengi huvutwa na kazi moja ambayo, kwa macho ya mtazamaji, haihitaji mtaji, ofisi wala cheti. Ni kazi ya udalali wa viwanja na nyumba. Husemwa kwamba anachohitaji mtu ni simu, viatu imara na ulimi.

Tuliona inafaa tuichunguze kazi hiyo kwa upande wake wa fedha, kwa kuwa habari zake huwafikia askari wetu nusu nusu. Husikika habari za yule aliyeuza ekari tano upande wa Gayaza akapata kwa siku moja fedha ambayo koplo huisubiri mwaka mzima. Habari za yule aliyetembeza wateja miezi minne asipate hata nauli hazisikiki, kwa sababu mwenyewe haoni haja ya kuzitangaza.

Dalali, ambaye watu wa Kampala humwita broka, hali mshahara. Yeye hula sehemu ya bei katika mauzo yaliyokamilika, na neno la kushikwa hapa ni hilo la mwisho. Mauzo yaliyofika asilimia tisini ya safari yake hayampi hata senti. Kwa desturi ya mjini, dalali wa ardhi hupewa kati ya 5 na 10 katika kila 100 ya bei. Na aliyempatia mtu nyumba ya kupanga hupewa kodi ya mwezi mmoja, kama ilivyo pia desturi ya Dar es Salaam. Mteja hutozwa tena fedha kidogo ya kutembezwa. Jirani zetu wa Kenya walitunga mwaka 1984 sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi, yenye bodi ya kuwaandikisha. Huku kwetu madalali wengi wa mitaani hawana hata karatasi moja ya mapatano mkononi. Wanategemea neno la muuzaji, na neno la mtu aliyekwisha kupokea fedha ni jepesi sana.

Natufanye hesabu ndogo. Kiwanja cha kawaida kinachotajwa katika biashara hii ni kile cha futi 50 kwa 100, yaani futi za mraba 5,000. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Wenye kukata viwanja hupenda kutoa vinane katika ekari, na ile ardhi inayobaki, futi za mraba 3,560, ndiyo barabara ya kijiji kizima. Msomaji aliyewahi kukwama na gari katika vitongoji vipya sasa anajua sababu. Tuseme kiwanja kimoja kimeuzwa shilingi milioni 40, na muuzaji amekubali kutoa 5 kwa 100. Hiyo ni milioni 2. Mtu akisikia milioni 2 macho humng'aa.

Lakini milioni 2 hizo haziendi kwa mtu mmoja. Yupo dalali wa kijijini ambaye ndiye amjuaye muuzaji. Yupo kijana wa bodaboda aliyesikia habari akampigia simu mwenzake. Yupo aliyeweka tangazo, yupo aliyemleta mnunuzi, na mara nyingi yupo shemeji wa muuzaji ambaye kazi yake haijulikani ila siku ya malipo lazima awepo. Wakiwa watano, kila mmoja ana 400,000. Sasa tuseme dalali wetu amekitembezea kiwanja hicho wateja 12 katika miezi miwili, na kila safari imemgharimu bodaboda ya shilingi 10,000 kwenda na kurudi. Hiyo ni 120,000. Simu na data, kwa shilingi 3,000 kila siku, ni 180,000 katika siku 60. Amebaki na 100,000 kwa kazi ya miezi miwili, na hapo hatujamhesabia chakula cha mchana wala viatu.

Haya hatukuyatunga mezani. Tuliyathibitisha kwa sajini mmoja mstaafu, ambaye alitupokea chini ya mwembe nyuma ya maduka ya Kireka, mahali ambapo yeye na wenzake hukutana asubuhi. Aliondoka jeshini mwaka 2019. Aliomba tusitaje jina lake, nasi tumemheshimu.

“Afande, kosa langu la kwanza lilikuwa kufungua ofisi,” alituambia. Alipanga chumba cha duka kwa shilingi 250,000 kwa mwezi, akachora kibao, akanunua pikipiki ya kubebea wateja. Katika miezi sita ya mwanzo alikamilisha mauzo mamoja. “Kila mwisho wa mwezi nilikuwa najilipa mshahara kutoka mfukoni mwangu mwenyewe. Mke wangu alidhani biashara inakwenda.”

Kisha ukaja Machi 2020, serikali ikafunga usafiri kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na bodaboda zikakatazwa kubeba abiria hadi Julai. Hakuna aliyekwenda kutazama kiwanja. Chumba kilidai kodi yake vilevile. Ilipofika Agosti kiinua mgongo kilikuwa kimekwisha, kibao kikashushwa, na sajini akahamia chini ya mwembe, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, ndiko alikopaswa kuanzia.

Tulimwuliza ni nini huvunja mauzo. Alicheka. Alisema ni heri tungemwuliza ni nini huyakamilisha. Mnunuzi na muuzaji hukutana kisiri na kumruka dalali ili waokoe ujira wake. Ndiyo maana madalali hupenda kumzungusha mteja njia za kona asije akakumbuka nyumba ilipo. Mara nyingine benki humkawiza mnunuzi. Mara nyingine mke wa muuzaji hakubali. Na sheria ya ardhi ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2004, imempa haki hiyo, kwa kuwa ardhi ambayo familia inaishi juu yake na kujipatia riziki haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Sajini aliwahi kufika hadi mezani kwa wakili, fedha zimekwisha kuhesabiwa, mama akaingia akasema hapana. Tunavyoona sisi, mama yule alifanya vyema. Sajini naye anakubali, ingawa siku hiyo alirudi nyumbani kwa miguu.

Liko jambo zito zaidi, nalo linahusu maarifa. Katiba ya mwaka 1995 inatambua aina nne za umilikaji wa ardhi katika Uganda: ya kimila, ya milki huru, ya mailo na ya kukodi kwa miaka. Mailo ilizaliwa na Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900, ambapo ardhi iligawiwa kwa maili za mraba kwa Kabaka, machifu na wakubwa wengine. Mwaka 1975 serikali ya wakati ule ilitoa amri iliyoifanya ardhi yote kuwa mali ya umma, lakini watu hawakuacha kuuziana kwa desturi zao za zamani, na Katiba ya 1995 ikazirudisha milki hizo. Matokeo yake ni kwamba juu ya kipande kimoja cha mailo huweza kuwapo watu wawili wenye haki. Mmoja ndiye mwenye hati. Mwingine ndiye mwenye kibanja, yaani mkaaji anayelindwa na sheria na kulipa busuulu kwa mwenye hati kila mwaka. Mwenye kibanja hafukuzwi ila kwa amri ya mahakama kwa sababu ya kutolipa busuulu. Marekebisho ya mwaka 2010 yalilikaza jambo hilo. Na yeye vilevile hawezi kuuza kibanja chake kihalali bila idhini ya mwenye hati, ambaye ndiye wa kwanza kuulizwa kama atanunua.

Dalali asiyejua tofauti hiyo ni hatari, hata akiwa mwaminifu. Mwaka 2021 sajini wetu alimletea kibanja, upande wa Matugga, koplo mmoja aliyewahi kutumikia naye. Koplo alikuwa amerejea kutoka Somalia, ambako majeshi yetu yalikwenda tangu Machi 2007, naye alikuwa na akiba ya posho yake. Bei ilikuwa milioni 18. Barua ya mauzo iliandikwa, mwenyekiti wa LC1 akatia sahihi na muhuri, mashahidi wakanywa soda. Sajini alipata 300,000 kama sehemu yake. Mwenye hati hakuulizwa na mtu yeyote, na sajini alidhani muhuri wa mwenyekiti unatosha.

Miezi michache baadaye koplo alipoanza kuchimba msingi, mwenye hati alifika na hati yake. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hamjui mnunuzi huyu, wala hakuwahi kupewa kanzu yake, zawadi ile ya kimila ambayo mnunuzi humpelekea mwenye ardhi ili atambulike. Baada ya mazungumzo marefu alikubali kumtambua koplo kwa kulipwa milioni 7. Muuzaji alikuwa amehama. Madalali wengine watatu walikuwa wamebadilisha namba za simu.

“Nilikuwa peke yangu niliyebaki mwenye sura,” sajini alituambia. “Na huyu ni mtu tuliyelala naye handaki moja. Ningemwambia nini?”

Kwa mujibu wa wakili aliyewasaidia, sajini hakudaiwa zaidi ya zile 300,000, na hata hizo ilikuwa vigumu kumdai. Yeye alijitolea kubeba nusu ya milioni 7. Tangu hapo hulipa shilingi 100,000 kila mwezi kutoka katika pensheni yake. Tukumbuke kwamba mtu huyu hakuiba.

Wapo, bila shaka, wanaoiba, na njia yao ya kawaida ni kuweka cha juu. Muuzaji anasema milioni 30. Dalali anamwambia mnunuzi 38. Zile 8 anazificha, kisha anamdai muuzaji ujira wake pia. Madalali huona ni werevu. Wakala anayejipatia faida kwa siri katika mali ya aliyemtuma ana deni kwake, na akifikishwa mahakamani huweza kuamriwa kuirudisha. Askari wanaorudi kutoka kazini nje ya nchi ndio windo linalopendwa, kwa sababu wana fedha taslimu, wana likizo fupi, na hawataki kuonekana waoga. Madalali hujua kikosi kinarudi lini pengine kabla ya familia kujua. Watu wa kyeyo warudipo Desemba hupatwa na mambo yayo hayo. Njia ya kujikinga si ghali: kuipeleka namba ya hati katika ofisi ya ardhi ya eneo husika ili itazamwe, kumleta mpimaji athibitishe mipaka, na kumtafuta mwenye hati uso kwa uso. Mnunuzi wa ardhi yenye hati ajue pia kwamba kuhamisha hati kuna kodi ya stempu ya 1.5 kwa 100, ambayo dalali mwenye haraka hupenda kuisahau.

Na asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya kwetu tu. Huko Marekani, ambako wakala wa nyumba ana leseni na gari, ujira uliozoeleka kwa miaka mingi ulikuwa kama 5 au 6 kwa 100 ya bei. Huo hugawanywa kati ya wakala wa muuzaji na wa mnunuzi, kisha kila mmoja humegea kampuni yake. Oktoba 2023 baraza la mahakama katika jimbo la Missouri liliamua kwamba desturi hiyo iliendeshwa kwa njama dhidi ya wauzaji. Chama cha mawakala kikakubali mwaka 2024 kulipa dola milioni 418, na tangu Agosti mwaka huo wakala wa mnunuzi hupaswa kuandikiana mkataba na mteja wake kabla ya kumwonyesha nyumba. Mkataba kabla ya kutembea: sajini aliposikia hilo alipiga paja lake akasema ndilo analolitaka Kireka.

Madalali wachache tuliowaona wakiishi kwa utulivu si wale wanaouza sana. Ni wale wanaosimamia nyumba za kupangisha kwa niaba ya wenyewe walio mbali. Hukusanya kodi, hutengeneza mabomba, na kila mwezi hukata sehemu waliyopatana. Ni fedha ndogo, lakini ina tarehe, kama mshahara. Sajini sasa anasimamia vyumba 14 vya mtu anayeishi Uingereza, na ana kuku 200 nyumbani kwake. Ile pikipiki bado anayo, ila hubeba chakula cha kuku zaidi kuliko wateja. Mauzo ya viwanja huyapokea yakija, na kabla ya kumpeleka mteja hutaka kwanza kuiona nakala ya hati na kuzungumza na mwenye hati.

Deni la Matugga limebakiza miezi tisa. Koplo amekwisha kuezeka vyumba viwili, na mwezi uliopita mwenye hati alimpa risiti ya busuulu iliyoandikwa jina lake.