Unda Kipima Joto cha Ukutani Kabla Baridi Imalize Vifaranga Wako

Ahero mchana jua linachoma mpaka unashangaa jiko la vifaranga ni la nini. Sasa ngoja saa tisa usiku, upepo ukitoka huko kwa mashamba ya mpunga. Mimi nilikuwa na skrini ukutani, imeandika 33, nikalala fiti. Asubuhi vifaranga 11 walikuwa wamekufa, wamerundikana kona moja. Nitakushow nilikosea wapi.

Kwanza vitu. Tafuta Arduino Uno, skrini ya herufi 16 kwa mistari 2 yenye kibodi cha I2C nyuma, na sensa ya DS18B20, ile ya kichwa cha chuma na waya mrefu, haiogopi maji. Usichukue DHT11 juu ni rahisi. Hiyo inaweza kukosea digrii 2, na kifaranga wa wiki ya kwanza anataka kama 32 hadi 35. DS18B20 hukosea nusu digrii tu.

Skrini: VCC kwa 5V, GND kwa GND, SDA kwa A4, SCL kwa A5. Sensa: umeme kwa 5V, GND kwa GND, data kwa pini 2. Hapa ndio wasee hukwama: lazima resista ya 4.7k ikae kati ya data na 5V. Ukiisahau utaona -127 uanze kutukana mwenye duka bure. Skrini ikiwaka bila maandishi, zungusha kale kaskrubu ka nyuma. Ikikataa bado, toa 0x27 kwa programu uweke 0x3F. Laibrari za OneWire na DallasTemperature ni za bure na zinakuja na mifano. Sikumaliza koleji na nilizielewa, so huna kisingizio.

Sasa kosa langu. Nilifunga sensa ukutani pamoja na skrini. Manze, joto hupanda, na vifaranga wako chini! Skrini ikae juu penye unaisoma bila kufungua mlango. Sensa ishuke mpaka usawa wa mgongo wa kifaranga, isiguse jiko.

Kila wiki shusha kama digrii 3. Na wakitoroka jiko wakihema midomo wazi, punguza makaa hata kama skrini inasema uko sawa.

Stima ikipotea, powerbank inasaidia, lakini zingine hujizima zikiona mzigo ni mdogo. Ijaribu mchana, masaa kadhaa, vifaranga wakiwa bado hawajafika.