Je, Wajua? Kila Mashine ya Muziki Ina Saini Yake

Gitaa tunaliona mikononi mwa mpigaji, na ngoma tunaiona ikipigwa. Kwenye muziki wa kielektroniki mengi yamejificha: sanduku dogo mezani, nyaya nyuma ya pazia, programu ndani ya kompyuta. Hata hivyo vifaa hivyo hutambulika, kwa sikio, kwa jicho na kwa maandishi. Mara nyingi kinachovitambulisha ni kasoro zao. Anayezijua huusikia wimbo upya, na huwapa haki yao walioviunda na waliovipiga.

KWA SIKIO

Je, wajua kwamba mashine ya midundo yenye sifa kubwa ilitegemea vipuri vibovu? Ni Roland TR-808, iliyotoka Japani mwaka 1980. Mwasisi wa kampuni, Ikutaro Kakehashi, alinunua kwa makusudi transista zenye hitilafu, kwa sababu zilitoa mchakacho alioutaka. Watengenezaji wa transista walipoboresha kazi yao, mbovu zikaadimika, na mwaka 1983 mashine ikaacha kuundwa baada ya kutoka takriban 12,000. Utaitambua kwa ngoma kubwa inayovuma chini kabisa na kufifia taratibu. Isikilize kwenye "Sexual Healing" ya Marvin Gaye, ya mwaka 1982.

Je, wajua kwamba mdogo wake, TR-909 ya mwaka 1983, ana asili mbili? Ngoma zake huzalishwa na saketi za umeme papo hapo, lakini matoazi yake ni ya kweli: yalirekodiwa na kuhifadhiwa kwenye chipu. Chipu za wakati ule zilikuwa na nafasi finyu, ndiyo maana matoazi hayo yana ukwaruzo. Ukisikia ngoma inayogonga kifua huku ukwaruzo huo ukichezea juu yake, uko katika nchi ya house na techno.

Je, wajua kwamba TB-303, kisanduku cha rangi ya fedha cha Roland, kiliundwa kimsindikize mpiga gitaa asiye na mpiga besi? Wapiga gitaa hawakukitaka, na kikaishia kuuzwa kwa bei ya chini kwenye maduka ya vitu vilivyotumika. Vijana wa kundi la Phuture mjini Chicago wakakipata, wakazungusha vidhibiti vyake huku kikicheza, na besi ikaanza kulialia na kuteleza kutoka noti hadi noti. "Acid Tracks" ilipotoka mwaka 1987, mtindo mzima wa acid house ulikuwa umezaliwa.

Na je, wajua kwamba India ilitangulia? Mwaka 1982 mwanamuziki wa Mumbai, Charanjit Singh, alitoa albamu ya raga kumi juu ya mdundo wa disko. Vifaa vyake: TB-303, TR-808 na sintesaiza ya Jupiter-8. Leo anayeisikia bila kujua mwaka wake hudhani ni kazi ya Chicago, na tarehe yake iko miaka mitano nyuma ya "Acid Tracks".

Wajua kwamba mapinduzi ya rege ya kidijitali yalitoka kwenye kinanda kidogo cha nyumbani? Casio MT-40 kilikuja na midundo iliyokwisha kuwekwa tayari, na mmoja wao ulitungwa na Hiroko Okuda, aliyekuwa mwajiriwa mpya wa kampuni. Mwaka 1985, mjini Kingston, mdundo huo ukawa uti wa mgongo wa "Under Mi Sleng Teng" ya Wayne Smith, chini ya prodyuza King Jammy. Wasanii wengi mno wameurudia tangu hapo.

Wajua kwamba besi ya "Show Me Love" ya Robin S ni sauti ya ogani? Ni ile iitwayo Organ 2, iliyokuja tayari ndani ya Korg M1, kinanda kilichotoka mwaka 1988. Prodyuza Mswidi StoneBridge aliipiga kwenye sehemu ya besi, na prodyuza wa house wanaiga mpaka leo.

Wajua kwamba yale mawimbi mapana ya trance, yanayojaza uwanja mzima, yana jina na kwao? Yanaitwa Super Saw. Ni mawimbi saba ya aina moja yaliyopishanishwa kidogo kidogo, na yaliletwa katikati ya miaka ya 1990 na sintesaiza ya Roland JP-8000.

Wajua kwamba sekunde chache za ngoma zilizopigwa na Gregory Coleman wa kundi la The Winstons mwaka 1969 ndizo msingi wa muziki wa jungle? Prodyuza wa Uingereza walizikata vipande kwenye sampla, mashine ya kurekodi vipande vya sauti na kuvicheza upya. Sampla za Akai kama S1000 ziliweza kurefusha sauti bila kuishusha, ila zilipovutwa kupita kiasi zilitoa mtetemo wa chuma. Mtetemo huo ndio unaoitambulisha Akai hadi leo.

Na Burial wa London? Alieleza kwamba alitengeneza nyimbo zake kwenye Sound Forge, programu ya kuhariri sauti isiyo na gridi ya kupanga midundo. Alipanga ngoma kwa kutazama umbo la mawimbi. Ndiyo sababu ngoma za "Untrue", albamu yake ya mwaka 2007, huyumba na kupumua namna ile.

SIKIO LINAPODANGANYWA

Je, wajua kwamba muziki wa mwanzo wa tamthilia ya "Doctor Who", uliorushwa na BBC mwaka 1963, haukupigwa kwa sintesaiza? Robert Moog, mwasisi wa sintesaiza za Moog, alikuwa bado hajatengeneza hata modeli yake ya kwanza ya majaribio. Delia Derbyshire alichukua utunzi wa Ron Grainer, akarekodi sauti kwenye tepu, akabadili kasi ya kila moja ili kupata noti, kisha akazikata kwa wembe na kuziunganisha kipande kwa kipande. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa kwenye kipindi kama mshiriki wa muziki huo. Linastahili kutajwa kila unapochezwa.

Je, wajua kwamba ndani ya "I Feel Love" ya Donna Summer, wimbo wa mwaka 1977 unaoonekana kuwa mashine tupu, kuna mguu wa binadamu? Prodyuza Giorgio Moroder alipata takriban kila sauti kutoka sintesaiza kubwa ya Moog, lakini ngoma kubwa aliipiga Keith Forsey, mpiga ngoma. Hata ile besi inayokimbia ni nusu tu ya noti unazozisikia: nusu nyingine ni mwangwi uliocheleweshwa na kuchomekwa kati ya noti na noti.

Je, wajua kwamba maprodyuza wa "Believe" ya Cher walificha silaha yao? Wimbo ulipotikisa dunia mwaka 1998, walieleza kwamba sauti ile iliyovunjika ilitoka kwenye kifaa cha vokoda. Ukweli ulikuwa Auto-Tune, programu ya kusahihisha noti za mwimbaji, iliyoachiliwa mwaka mmoja tu kabla. Mvumbuzi wake, Andy Hildebrand, alitoka kwenye kazi ya kuchambua mawimbi ya ardhini kwa ajili ya utafutaji wa mafuta. Funzo kwa mtafutaji wa vifaa: msikilize msanii anachosema, kisha usikilize wimbo wenyewe.

KWA JICHO

Kwenye picha ya studio, 808 huonekana hata pembeni kabisa. Safu yake ya chini ina vitufe 16: vinne vyekundu, vinne vya rangi ya machungwa, vinne vya njano, vinne vyeupe.

Ukiona sintesaiza isiyo na vibao vya kinanda, yenye ubao wa matundu na pini ndogo za kuchomeka, umeiona EMS VCS3 ya London, ya mwaka 1969. Jean-Michel Jarre aliitumia kwenye "Oxygène" mwaka 1976, pamoja na ogani ya Eminent na mashine ya midundo ya Korg Mini Pops, akirekodi nyumbani kwake Paris.

Ukiona sahani ya santuri yenye nukta ukingoni na taa nyekundu kando yake, nukta hizo si pambo. Kasi ikiwa sahihi, chini ya taa ile huonekana zimesimama tuli. Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979 ilizipeleka kwenye majumba ya disko duniani kote.

Je, wajua kwamba Kraftwerk wa Düsseldorf walipanda jukwaani na kikokotoo? Kwenye "Computer World", albamu yao ya mwaka 1981, wana wimbo mzima kuhusu kikokotoo cha mfukoni. Walipoupiga mbele ya watu walisogea hadi ukingo wa jukwaa wakiwa na vifaa vidogo vya mkononi, wakawaachia mashabiki wabonyeze wenyewe.

Je, wajua kilichokuwa ndani ya piramidi ya Daft Punk kwenye ziara ya 2006 na 2007? Kompyuta zenye programu ya Ableton Live, sintesaiza za Minimoog Voyager, na vidhibiti vya Behringer BCR2000. Hivyo vya mwisho ni vifaa vya bei nafuu ambavyo mwanafunzi wa muziki angeweza kuvinunua.

KWA MAANDISHI

Je, wajua kwamba Aphex Twin aliweka jibu wazi? Albamu yake ya "Syro", ya mwaka 2014, ilikuja na orodha ya vifaa vilivyotumika. Hata majina ya nyimbo yanasema. Uliopewa jina "s950tx16wasr10" ni majina ya sampla tatu yaliyounganishwa: Akai S950, Yamaha TX16W na Ensoniq ASR-10.

Na kundi la 808 State la Manchester? Jina lenyewe lina namba ya mashine.

Je, wajua kwamba "Blue Monday" ya New Order, ya mwaka 1983, ina kosa ndani yake? Midundo ni ya Oberheim DMX, na besi ya sintesaiza ni ya Moog Source. Gillian Gilbert aliandika mpangilio wote kwenye karatasi zilizogundishwa zikawa ndefu kama studio, akaingiza noti moja baada ya nyingine. Alisimulia baadaye kwamba aliruka noti moja, na melodia ikapishana kidogo na mdundo. Wimbo huo ni miongoni mwa santuri za inchi 12 zilizouzwa zaidi katika historia.

Na ukifika Washington, jumba la makumbusho la historia na utamaduni wa Wamarekani weusi linahifadhi Akai MPC3000 ya J Dilla, prodyuza wa hip-hop. Hapo hakuna haja ya kubahatisha: sampla iliyobadili namna ya kuyumbisha mdundo ipo nyuma ya kioo.

KWETU AFRIKA

Je, wajua kwamba historia hii ina mlango wake Cairo? Mwaka 1944 Halim El-Dabh aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio, akaenda kurekodi wanawake kwenye tambiko la zaar, kisha akaibadili sauti ile studioni kwa mwangwi na kuchuja. Miaka minne ikapita kabla ya Pierre Schaeffer kuanza kazi kama hiyo Paris.

Je, wajua kwamba Hailu Mergia wa Ethiopia alirekodi albamu ya mwaka 1985 peke yake, huko Marekani, kwa akodiani, kinanda cha Rhodes, sintesaiza ya Yamaha DX7 na Moog? Nyimbo ni za kwao Ethiopia, na kila kifaa kinasikika waziwazi.

Je, wajua kwamba Konono N°1 wa Kinshasa walijitengenezea vifaa vyao? Mingiedi Mawangu na wenzake walitoa sumaku kwenye vipuri chakavu vya magari, wakaunda vipaza sauti vya kuipa nguvu likembe, ala inayopigwa kwa vidole gumba. Mkwaruzo uliotokea wakaupokea kama sehemu ya muziki. "Congotronics" ya mwaka 2004 ikaupeleka Ulaya.

Na singeli? Studio za uswahilini Dar es Salaam hazikungoja mashine za bei ya gari. Msingi wake ni kompyuta, FL Studio na Virtual DJ, na kasi inayovuka mapigo 200 kwa dakika. FL Studio ilianza Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ikiwa kidude cha kupanga midundo tu. Mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", uliotolewa Kampala na Nyege Nyege Tapes mwaka 2017, unaonyesha mahali kilipofikishwa. Sikiliza vipande vifupi vilivyokatwa na kuzungushwa kwa kasi: ndiyo saini ya Dar.

JARIBU MWENYEWE

Anza na mwaka. Mashine haiwezi kuwamo kwenye wimbo uliotoka kabla yake. Kumbuka pia mwaka 1983: ndipo Prophet-600 ilipounganishwa na Jupiter-6 hadharani kwa MIDI, lugha iliyowezesha vifaa vya kampuni tofauti kucheza pamoja.

Kisha tafuta kasoro: ukwaruzo, mtetemo, noti inayoteleza.

Tatu, tazama picha na usome jalada. Kwa wimbo wa miaka ya karibuni, tenga sauti ya 808 na 808 yenyewe, kwa kuwa sauti yake sasa imo kwenye karibu kila kompyuta ya studio.

Na wewe prodyuza wa Temeke, Eastleigh au Goma, unapotoa kazi yako andika pembeni ulitumia programu gani, kinanda gani, kipaza sauti gani, na nani alikibonyeza. Derbyshire alinyimwa mstari huo mmoja kwa miaka mingi. Wewe una uwezo wa kuujaza leo.