Mtoto Akataapo Kula

Katika nyumba nyingi za Usangi, chini ya mlima Kindoroko na kati ya migomba yetu, husikika neno hili: “Mtoto huyu mkaidi, hataki kula.” Twawaomba mlipime neno hilo. Mtoto mchanga hajui ukaidi. Akikataa ziwa au uji ana sababu, wala hana njia ya kuieleza ila kulia na kugeuza uso. Yatupasa kuitafuta sababu hiyo kabla ya kumlazimisha.

Kwanza tulitazame ziwa. Mtoto na awekwe kifuani katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, apate yale maziwa ya manjano ambayo wengine huyamwaga wakidhani ni machafu. Kumbe ndiyo kinga yake ya kwanza. Akinyonya huku akilia, mama naye akiumia chuchu, mara nyingi hakushika vema. Apanue kinywa sana, kidevu kiguse ziwa, na sehemu kubwa ya weusi wa ziwa iingie kinywani, si chuchu peke yake. Ziwa likijaa mno na kuwa gumu, mama akamue kidogo kwanza. Pua iliyoziba kwa mafua humzuia kupumua anyonyapo. Isafishwe kwa kitambaa laini. Utando mweupe kinywani ni ugonjwa wenye dawa zahanati. Wala asipewe maji kabla ya miezi 6, maana tumbo likijaa maji ataliacha ziwa, na ziwa lisiponyonywa hupunguza maziwa.

Tangu miaka ya 1980 imeenea katika Tanzania habari ya “meno ya plastiki”. Mtoto akipata homa, akiharisha na kukataa kunyonya, wako wasemao kwamba ufizi wake una meno mabaya, nao huuchimba kwa chombo kikali. Wanachokitoa ni chipukizi la jino lake mwenyewe. Ugonjwa wabaki palepale, na juu yake jeraha, damu na uchafu. Naye mwenye kidonda kinywani atanyonyaje?

Akitimiza miezi 6, ziwa liendelee hata miaka 2 na zaidi, lakini peke yake halimtoshi tena. Hapo huja taabu ya uji. Uji mwepesi hujaza tumbo na kuacha njaa mwilini. Mzito humshinda kumeza. Kimea, ambacho watu wengi hukijua kwa kazi ya pombe tu, chafaa hapa. Pika uji mzito, uepue, upoe kidogo, tia kijiko cha unga wa kimea, ukoroge. Utalainika bila kuongezwa maji. Kisha uchemshe tena. Kimea chenye ukungu kitupwe. Mpeni pia ndizi na parachichi zilizopondwa, na maharage ya makande yaliyoondolewa maganda. Mara 2 au 3 kwa siku zatosha mwanzoni. Tangu miezi 9, mara 3 au 4.

Wako wanaomlaza mtoto chali, wakambana pua na kummiminia uji kwa kiganja. Jambo hili ni la hatari, kwa maana uji waweza kuingia mapafuni na kumwua. Aliyeokoka naye hujifunza kukiogopa chakula. Mketisheni, tumieni kikombe na kijiko, mwambieni maneno ya upole, mngojeni ameze. Akigeuza uso, pumzikeni, kisha mjaribu tena.

Lakini zipo dalili zisizongojea kesho: mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa kabisa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, aliyelegea asiamke vema, au ambaye kifua chake huingia ndani apumuapo. Huyo apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku.

Nanyi waalimu, wasomeeni wazazi habari hizi, na baba wazisikie pamoja na mama. Mara nyingi baba ndiye aamuaye kama mtoto atapelekwa kwa mchimba ufizi au kwa mganga wa hospitali, na uamuzi huo mmoja waweza kuwa uhai wa mtoto.