Stata Inapiga, Injini Haiwaki: Sayansi ya Kuchunguza Gari Kuukuu

Gari ambalo stata yake inazungusha injini lakini injini haiwaki limekwisha kutoa ushahidi wa kwanza kabla fundi hajafungua boneti, kwa maana betri imepata nguvu ya kuzungusha, mota ya stata inafanya kazi na injini haijakwama. Swali linalobaki ni kipi kimekosekana kati ya vitu vinne vinavyohitajiwa na kila injini ya petroli, yaani petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiwango kinachofaa, cheche ya umeme, mkandamizo wa kutosha ndani ya silinda, na majira sahihi ya kuvikutanisha vyote vitatu.

Swali hilo lina uzito wa pekee nchini Malawi. Katika barabara ya M1 inayotoka Lilongwe kupitia Nathenje hadi Dedza na Blantyre, na katika njia za wilaya ya Dowa iliko kambi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 na inayokaliwa na Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi wanaozungumza Kiswahili, magari mengi yalitumika Japani kwa miaka mingi kabla ya kuingizwa nchini. Toyota Corolla za miaka ya 1990 na mabasi madogo ya HiAce yana faida moja kubwa, kwamba injini zake zinaweza kuchunguzwa kwa vifaa vichache, ilimradi uchunguzi ufuate mpangilio. Hasara huja pale mwenye gari anaponunua koili, kisha pampu, kisha plagi, kwa kubahatisha, hali chanzo cha tatizo hakijaguswa.

Uchunguzi huanza na sauti na umeme. Betri nzima iliyopumzika huonyesha takriban volti 12.6 kwenye mita, na inapopiga stata haipasi kushuka chini ya volti 9.6 hivi, kwa kuwa stata inaweza kuendelea kuzunguka kwa volti pungufu ambazo hazitoshi kutengeneza cheche. Sauti ya mzunguko nayo husema mengi: mzunguko unaopanda na kushuka kwa mapigo sawasawa ni ishara kwamba silinda zinakandamiza hewa, ilhali mzunguko mwepesi, wa kasi, usio na mapigo, huashiria kwamba mkanda wa taimingi umekatika. Mkanda huo ndio unaounganisha krankishafti, inayosukumwa na pistoni, na kamshafti, inayofungua na kufunga vali, na ukikatika vali husimama mahali pamoja huku pistoni zikiendelea kupanda na kushuka.

Katika injini za Toyota za aina ya 4A-FE na 5A-FE, jambo hilo huthibitishwa kwa dakika chache, kwa sababu distributa, yaani kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi kwa zamu, huzungushwa na kamshafti. Kofia ya distributa inapofunguliwa na mtu mwingine akapiga stata, rota iliyomo ndani lazima ionekane ikizunguka. Isipozunguka, mkanda umekatika au umepoteza meno, na hakuna plagi wala koili mpya itakayoliwasha gari hilo.

Rota ikizunguka, hatua inayofuata ni cheche. Koili hutumia kanuni iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831, kwamba mabadiliko ya nguvu ya sumaku huzalisha umeme katika waya, na kwa njia hiyo volti 12 za betri hugeuzwa kuwa zaidi ya volti 20,000 zinazoweza kuruka nafasi ndogo kwenye ncha ya plagi. Plagi iliyofunguliwa huunganishwa na waya wake, kiwiliwili chake kikagusishwa kwenye chuma cha injini mbali na mvuke wa petroli na bila kushikwa kwa mkono mtupu, kisha stata ikapigwa: cheche ya buluu yenye mlio mkali ni nzima, ile dhaifu ya rangi ya chungwa ina kasoro, na kukosekana kabisa kunamrudisha fundi kwenye koili, distributa na sensa zake. Katika majira ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, unyevu unaoingia kwenye kofia yenye ufa hutosha kuupotosha umeme huo, na kofia hiyo ikikaushwa gari huweza kuwaka, ingawa dawa ya kudumu ni kuibadilisha.

Toyota nyingi za injekta za kipindi hicho zina njia nyingine ya kujieleza. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha uchunguzi, na swichi ikiwa imefunguliwa, kipande cha waya kikiunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kuwaka na kuzima kwa mpangilio wa namba. Namba 12 humaanisha kwamba kompyuta haikupata ishara ya mzunguko wa injini, na namba 14 kwamba ishara ya uthibitisho wa cheche haikurudi. Waya huohuo ukiunganisha +B na FP katika kisanduku hicho, pampu ya petroli inapaswa kuzunguka, na mlio wake husikika kwenye tanki au mtiririko wa petroli ukahisiwa kwenye mpira wa kurudishia mafuta. Ukimya huelekeza kwenye fyuzi, rilei, nyaya au pampu yenyewe.

Hata hivyo, pampu inayozunguka haithibitishi kwamba kinachosukumwa ni petroli safi, na hapa ndipo mazingira ya Malawi yanapodai uangalifu zaidi. Tangu mwaka 1982 nchi hiyo imechanganya petroli yake na ethanoli, kileo kinachotengenezwa kwa molasi ya miwa huko Dwangwa, wilayani Nkhotakota. Ethanoli hupenda maji: petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli huweza kumeza takriban nusu ya asilimia ya maji bila kubadilika sura, lakini maji yakizidi, kileo na maji hujitenga pamoja na kuzama chini ya tanki, mahali pampu inapovuta mafuta. Madumu yanayotumika kuhifadhi mafuta wakati wa uhaba huongeza hatari hiyo, na katika gari kuukuu ethanoli hulainisha mabaki yaliyoganda kwenye tanki hadi yakaziba chujio. Kipimo chake ni rahisi: petroli kidogo kutoka kwenye bomba huwekwa katika chupa ya kioo na kuachwa itulie; tabaka lililojitenga chini ya chupa hutoa jibu ambalo hakuna kipuri kipya kinachoweza kulibadilisha.

Mkandamizo hupimwa mwishoni, kwa geji inayofungwa mahali pa plagi. Mwandishi wa kitabu cha matengenezo huweka vipimo vya usawa wa bahari, na Lilongwe iko takriban mita 1,050 juu yake, ambako hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo silinda zote zikisoma pungufu kwa kiasi hicho si ugonjwa, bali silinda moja iliyoachwa mbali na wenzake ndiyo yenye vali iliyoungua, ringi zilizokwisha au gasketi iliyopasuka.

Injini ya dizeli haina cheche, kwani huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyokandamizwa sana. Moshi mweupe unaotoka kwenye ekzosi wakati wa kupiga stata huonyesha kwamba dizeli inafika lakini haiungui, na asubuhi za baridi za Juni na Julai lawama huangukia kwanza plagi za kupasha joto. Pasipo moshi wowote, dizeli haifiki: nati ya bomba la injekta hulegezwa kidogo, na povu likitoka badala ya dizeli safi, mfumo umevuta hewa na lazima itolewe baada ya kuziba mahali inapoingilia.

Mpangilio wa kusikiliza, kupima umeme, kutazama rota, kujaribu cheche, kukagua mafuta na kupima mkandamizo unapaswa kuwa somo la kwanza kwa kijana yeyote anayejifunza ufundi huko Dzaleka, Nathenje au Lilongwe. Mwenye gari naye ana haki ya kumuuliza fundi ni kipimo gani kimethibitisha kwamba kipuri kimekufa, na asitoe fedha ya kipuri hadi apate jibu.