Krediti za uzamili ukihama chuo: hesabu ya kufanya kabla ya kulipa ada

Andika namba 180 kwenye karatasi, uipeleke kwa maofisa udahili wawili. Wa Paris atasema mwenye krediti hizi amemaliza shahada ya kwanza. Wa Dar es Salaam, akiambiwa ni za ngazi ya uzamili, atasema mwenye nazo amemaliza shahada ya pili. Ofisa wa tatu, wa chuo cha Marekani, atakurudishia karatasi akuulize ni krediti za wapi, maana kwake uzamili mzima kwa kawaida huisha kwa krediti 30 hadi 36. Wote watatu wako sahihi. Anayeumia ni mwanafunzi aliyedhani krediti ni kama kilo, kwamba ukipima Kariakoo na ukipima Mombasa mzigo ni uleule.

Krediti ni kipimo cha muda wa kujifunza, na kila nchi imejikatia muda wake. Tanzania, Kenya, Afrika Kusini na Uingereza huhesabu krediti moja kuwa saa 10, ukijumlisha mihadhara, semina, kusoma peke yako, kazi za darasani na mtihani. Ulaya bara hutumia mfumo wa ECTS, ambao krediti moja ni saa 25 hadi 30 na mwaka mzima ni krediti 60. Burundi na Kongo, kwa kufuata mfumo wa LMD (shahada ya kwanza, uzamili, uzamivu), nazo zinahesabu 60 kwa mwaka, ndiyo maana mhitimu wa Bujumbura mwenye 180 ana shahada ya kwanza tu. Marekani wana hesabu yao: krediti moja ni saa moja darasani kila wiki pamoja na saa mbili za kazi ya nje, kwa muhula wa wiki kama 15. Hizo ni saa 45.

Sasa chukua kozi moja ya uzamili ya Tanzania yenye krediti 12, uivushe bahari. Ukigeuza kwa saa, 120 gawanya kwa 45, unapata krediti mbili na nusu na kidogo, na kozi ya kawaida ya Marekani ni ya krediti tatu. Umepungukiwa. Lakini ukigeuza kwa uwiano wa mwaka, ambapo mwaka wa 120 wa kwetu unalinganishwa na mwaka wa 30 wa kwao, kozi ileile inatoka na krediti tatu kamili. Karatasi ni moja na mwanafunzi ni mmoja, lakini majibu ni mawili. Kwa hiyo swali la kwanza kuwauliza wanaokupokea lisiwe “mnapokea krediti ngapi?” Waulize wanageuza kwa njia gani.

Nimelijua hili kwa uchungu wa mtoto wa dada yangu. Alisoma kozi sita za uzamili kwenye chuo ambacho sitakitaja, kila moja krediti 12, jumla 72. Alikuwa amelipa shilingi milioni 3 na laki 6. Baba yake akaugua, akaahirisha masomo, na aliporudi muda wake wa usajili ulikuwa umeisha. Akaomba chuo kingine, cha karibu na nyumbani, akiwa na hakika kwamba amebakiza nusu ya safari. Jioni moja alikuja na barua ya majibu, akaiweka mezani bila kuikunjua. “Mjomba, wamechukua mbili.”

Tulikaa na ile transkripti mpaka usiku. Kozi mbili zilikataliwa kwa sababu alipata C, na chuo kipya hakipokei chini ya B kwa ngazi ya uzamili. Moja ilikataliwa kwa kuwa maudhui yake yalilingana kwa sehemu ndogo tu na kozi yao, ingawa jina lilikuwa karibu sawa. Na moja, ambayo alikuwa na A, ilikataliwa kwa sababu hakuambatisha muhtasari wa kozi. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniuma, maana haikuwa na uhusiano wowote na elimu yake.

Piga hesabu naye. Alipolipa, kila krediti ilimgharimu shilingi 50,000. Baada ya barua ile, milioni 3 na laki 6 zake zilikuwa zimenunua krediti 24 tu, yaani shilingi 150,000 kila moja. Bei halisi ya krediti ni ile unayoipata ukigawa fedha yote uliyotoa kwa krediti zitakazosimama kwenye cheti chako cha mwisho. Tangazo la ada halikupi hesabu hiyo. Chuo cha bei nafuu ambacho krediti zake hazivuki ukuta wake kinaweza kuwa ghali kuliko cha jirani kinachotoza mara mbili, kama kuna uwezekano wowote wa wewe kuhama kikazi au kufuata mwenzi.

Alirudi idara ya zamani, akamwomba karani muhtasari wa ile kozi ya A. Aliambiwa mwalimu amehama, faili halipo. Akamtafuta mwenzake wa darasani aliyekuwa ametunza karatasi za wiki ya kwanza: malengo ya kozi, mada za kila wiki, vitabu vya kusoma, mgawanyo wa alama. Mkuu wa idara akazipigia mhuri. Rufaa ikakubaliwa, krediti zikawa 36, na bei ikashuka hadi laki moja. Kurasa nne za muhtasari ziliokoa krediti 12. Tangu siku ile kila kijana anayeanza uzamili namwambia atunze muhtasari wa kila kozi kama anavyotunza risiti za benki, na aombe nakala yenye mhuri angali anasoma, wakati watu wanamjua.

Kuna jambo jingine linalofichwa na neno “kukubaliwa”. Chuo kinaweza kukubali krediti zako zote na usiokoe hata shilingi. Vyuo vingi vya kwetu hutoza ada ya uzamili kwa mwaka au kwa programu nzima. Ukisamehewa kozi tatu kati ya kumi na ada ikabaki ya mwaka, umepunguziwa mitihani lakini mkoba umebaki palepale. Hata muda hauokoki kila mara, kwa sababu kozi nyingi za uzamili hufundishwa mara moja kwa mwaka. Ukisamehewa za muhula wa kwanza lakini ukabakiwa na moja ya muhula huohuo, utaisubiri mwaka ujao. Mpwa wangu aliuliza ada itapungua kiasi gani, akajibiwa kwamba chuo chake kipya hutoza kwa kozi. Angekwenda chuo cha jirani kinachotoza kwa mwaka, zile krediti 36 zingekuwa heshima tu kwenye transkripti.

Na uliza vilevile wanakupa nini hasa, krediti au msamaha wa kozi. Vyuo vingine husema umesamehewa Takwimu, lakini krediti za Takwimu hazihesabiwi, kwa hiyo unachukua kozi nyingine ya kujaza pengo na unailipia. Alama nazo mara nyingi hazivuki: kozi inaandikwa kuwa imehamishwa, bila kuingia kwenye wastani wako. Aliyepata A nyingi alikotoka anaanza wastani upya. Kwa anayelenga uzamivu, hilo ni la kupimwa kabla hajahama.

Ukomo upo karibu kila mahali. Vyuo vingi vya Kenya huweka asilimia 49, ili zaidi ya nusu ya shahada ibaki ya chuo kinachoitoa. Afrika Kusini kanuni ya taifa hairuhusu zaidi ya nusu ya krediti za shahada mpya kutoka kwenye sifa uliyokwisha kutunukiwa. Vyuo vya Marekani ni vikali zaidi katika uzamili: vingi huishia krediti 6 hadi 12, hudai B au zaidi, na hukataa kozi iliyosomwa zaidi ya miaka mitano, sita au saba iliyopita. Tasnifu ndiyo kabisa, ni nadra kuhama. Chuo kinachokutunuku kinataka isimamiwe na walimu wake. Ukiwa umekwama kwenye tasnifu, dawa ni kuhangaikia kubadilishiwa msimamizi hapohapo ulipo. Kuhama wakati huo ni kama kubomoa nyumba iliyobakiza bati.

Kwa asiye na hakika ya kumaliza, mimi napendelea programu yenye ngazi. Uingereza wanaifanya vizuri: krediti 60 za kwanza zinakupa cheti cha uzamili, zikifika 120 unapata stashahada ya uzamili, na tasnifu ya 60 inakamilisha 180 za shahada. Maisha yakikukatiza katikati, hutoki mikono mitupu. Angekuwa mpwa wangu kwenye programu ya namna hiyo, angetoka na cheti mkononi badala ya transkripti yenye mapengo. Mwombaji wa chuo chochote cha hapa aulize kama programu ina tuzo ya kutokea njiani, na jibu alione kwenye kitabu cha kanuni.

Lakini jina la stashahada lisikupumbaze ukivuka mipaka. Uingereza, stashahada ya uzamili na shahada ya uzamili ziko ngazi moja, ndiyo maana krediti za ile huingia kwenye hii. Afrika Kusini, stashahada ya uzamili iko ngazi ya 8 na shahada ya uzamili ngazi ya 9. Inakufungulia mlango wa kuomba uzamili, lakini 120 zako hazipunguzi zile 180 zinazokungoja. Anayelinganisha ada za nchi hizo mbili kwa kutazama jina la programu analinganisha vitu viwili tofauti.

Ndugu zetu walioko Marekani wana gharama ya ziada. Chuo kikipokea transkripti ya Dodoma au Eldoret, mara nyingi kitataka ripoti ya shirika la tathmini kama WES la New York, tena ripoti ya kozi kwa kozi, ambayo ni ghali kuliko ile ya jumla. Ripoti hiyo ni ushauri. Mwenye uamuzi ni chuo, na ndani ya chuo ni mratibu wa programu. Nashauri barua pepe kwa mratibu itangulie, ikiwa na muhtasari wa kozi, kabla ya kulipia tathmini. Akisema hapokei kozi za nje kabisa, umeokoa dola zako. Akisema anapokea, mwombe aandike ni kozi zipi, maana neno la simu halisimami mbele ya dirisha la mhasibu.

Kusoma kwa intaneti kumeongeza chaguo. Georgia Tech ilipotangaza mwaka 2013 uzamili wa sayansi ya kompyuta kwa intaneti, ada ya shahada nzima ilikuwa chini ya dola 7,000. MIT nayo ina mfululizo wa kozi za ugavi unaoitwa MicroMasters: ukiumaliza na ukadahiliwa, unahesabiwa kama sehemu ya uzamili, na muda wa kukaa chuoni unapungua. Neno la kushika hapo ni “ukadahiliwa”. Asiyedahiliwa anabaki na cheti kizuri ambacho si krediti mpaka chuo fulani kikubali kukipa thamani hiyo. Kwa bei, kujaribu kozi moja ya namna hiyo ni salama kuliko kulipa ada ya mwaka. Kununua mfululizo mzima kwa matumaini ya shahada, bila barua ya chuo, sishauri.

Juu ya yote hayo, kwanza hakikisha ithibati. Tazama orodha ya tume ya vyuo vikuu, kwa Tanzania TCU na kwa Kenya CUE, na utazame programu yenyewe pamoja na jina la chuo. Krediti za programu isiyotambuliwa hazina soko popote.

Inanisikitisha kwamba tunahangaika hivi katika eneo lililowahi kuwa na chuo kikuu kimoja. Kati ya 1963 na 1970, katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mtanzania alikwenda Makerere kusomea udaktari, Mganda akaja Dar kusomea sheria, na waliotaka uhandisi wakaenda Nairobi, wote chini ya paa moja. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, limeandaa mfumo wa pamoja wa sifa, na mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Kwenye karatasi njia ipo. Dirishani, bado ni muhtasari wako wa kozi na huruma ya mkuu wa idara.

Mpwa wangu alilinganisha mambo matatu. Kurudi chuo cha zamani kungempa krediti zote 72, lakini angelipa ada ya kusajiliwa upya, pamoja na chumba na nauli katika mji asio na ndugu. Programu ya nje kwa intaneti ingeanza na sifuri. Chuo cha nyumbani kilimpa 36 kwa maandishi, kinatoza kwa kozi, na kilimtajia tarehe ambayo kila kozi iliyobaki itafundishwa. Alizipanga barua mezani, akaandika jumla chini ya kila moja kwa penseli, nauli na chumba vikiwemo. Cha nyumbani kilikuwa nafuu kwa zaidi ya milioni moja. Wiki iliyofuata alilipia kozi mbili za kwanza, akarudi na faili jipya lenye mifuko ya plastiki, mfuko mmoja kwa kila muhtasari.